Saa Mbili Ipi

Ukimpelekea redio na kumwambia haisemi, alikuuliza, "Haisemi ama haisikiki?" Ukidhani anakuchezea, alingoja mpaka uone kwamba hachezi. Redio isiyosema ina ugonjwa wake na redio isiyosikika ina wake, na yeye hakugusa skurubu hata moja kabla hujachagua.

Tulimwita Fundi. Nami niliitwa fundi, kwa sababu nilishona nguo kwenye baraza hiyohiyo ya soko la Matinyani, cherehani yangu upande wa kushoto wa mlango wake. Mtu akiita "Fundi!" kutoka barabarani, vichwa viwili viliinuka. Yeye aliniita fundi mwenzangu tangu wiki ya kwanza, nikiwa na miaka kumi na saba, shule nimeiacha kidato cha pili, cherehani ni ya marehemu mama, na wadogo zangu wawili wananingoja nyumbani. Wakati huo hakuna mtu mwingine aliyeniita mwenzake wa kitu chochote.

Naandika habari zake kwa sababu ya mdogo wangu wa mwisho, Mutheu. Mutheu ana kisukari, kile kinachowapata watoto, kinachotaka sindano ya insulini asubuhi na jioni kila siku ya maisha yake. Nimeishi na ugonjwa huo tangu akiwa na miaka kumi na mmoja. Hofu yangu ina pande mbili. Dawa ikipungua, sukari inapanda na kumchoma polepole. Dawa ikizidi, sukari inashuka, na hiyo haichukui siku, inachukua saa. Kati ya pande hizo mbili ndipo ninapokaa. Na mengi ninayofanya ili nikae hapo niliyapata kwa mtu aliyetengeneza redio, ambaye hakuwahi kusema ananifundisha.

Ukishajibu swali lake la kwanza, Fundi alitikisa kichwa kama mtu aliyeridhika, kisha akasema, "Sasa la pili." Ilianza kabla ya mvua ama baada? Nani aliigusa mwisho? Inazima ikiwa imekaa ama ukiibeba? Alisema jibu la kwanza mtu hutoka nalo nyumbani, amelipanga njiani. La pili lazima alitafute kwenye kitu chenyewe. Mama mmoja muuza nyanya alimwambia kwamba hata mama mkwe wake hakumhoji hivyo siku ya kuolewa. Fundi akamjibu kwamba labda angehojiwa vizuri asingeleta redio iliyojaa maji ya nyanya.

Alichoambiwa alikiandika kwa penseli kwenye kipande cha utepe wa karatasi, akakibandika kwenye chombo. Hakuandika anachofikiri yeye. Aliandika maneno ya mwenyewe, vilevile yalivyotoka. Kwa hiyo rafu yake ilisomeka kama watu wanaongea. Inalia kama mbuzi. Inaogopa wageni. Ilikuwa nzima mpaka shemeji akaja. Mimi nikingoja wateja nilisoma rafu hiyo na kucheka peke yangu, na yeye bila kugeuka aliniuliza ni ipi.

Kulikuwa na televisheni ya mwalimu mmoja iliyoandikwa Inakataa habari. Ilifanya kazi mchana kutwa, ikaonyesha mpira, ikaonyesha nyimbo, na habari za jioni zikianza tu, inazima. Mafundi wawili wa mjini Kitui walikuwa wameshaibadilisha vitu ndani. Fundi hakuifungua. Aliibeba mpaka nyumbani kwa mwalimu, akaiwasha, akakaa kwenye kiti mpaka saa moja jioni. Ilipozima akatoka nje, akatazama nyumba za jirani. Waya mmoja wa umeme ulilisha nyumba zote za mstari ule, na saa moja kila mtu aliwasha taa na televisheni yake, umeme ukapungua nguvu. Akarudi ndani na kumwambia mwalimu, "Televisheni haina kosa. Kosa ni saa moja." Mwalimu alilisimulia hilo kwa miaka.

Msidhani alikuwa mtakatifu. Watu aliwakasirikia upesi na mashine aliivumilia siku tatu. Kanisani alikaa benchi la mwisho karibu na spika, akikunja uso kila zilipopiga kelele, na mchungaji alipomwomba azitengeneze, alisema zimepona, ni mkono wa anayezifungua uliougua. Alitengeneza friji za watu na yeye mwenyewe alikunywa maji ya mtungi. Na siku moja, moja tu niliyoiona, hakuuliza. Mwenye duka la jumla alikuwa na haraka, akaja na kifaa cha kubadilishia umeme wa sola, na Fundi akasema huu ugonjwa naujua, akaunganisha. Moshi ulijaa baraza. Nililazimika kufua tena sketi sita za shule. Alimlipa yule mtu na hakulizungumzia, ila alikata kipande cha utepe, akakiacha kitupu, akakitundika kwenye msumari juu ya meza yake. Kilikaa hapo mpaka alipofunga duka.

Na alidanganya. Hilo nalo niliseme, maana litarudi. Kuna bibi mmoja alileta redio ya marehemu mume wake, imeliwa na mchwa mpaka ndani. Fundi aliifungua, akanitazama, akaifunga. Baada ya wiki bibi alirudi, redio ikazungumza, na Fundi akamwambia ilikuwa vumbi tu. Mimi nilikuwa nimemwona akitoa matumbo yote ya redio nyingine na kuyapachika mle. Bibi alipoondoka nilimuuliza kwa nini yeye, anayetaka kila mtu aseme sawasawa, amesema uongo. Alijibu kwamba bibi hakuuliza la pili.

Mdogo wangu wa katikati, Kyalo, ananunua na kuuza mbuzi kule Tseikuru. Miaka michache iliyopita alikuja nyumbani na simu nzuri, akanipa, na ndani yake alikuwa ameweka ile programu ya akili bandia unayoiandikia swali nayo ikajibu. Alisema wenye mifugo kule wanaitumia kuuliza dawa za mbuzi, wengine kwa Kisomali, na inawajibu. "Dada, sasa una daktari mfukoni," aliniambia. Nilicheka, lakini usiku ule niliuliza mambo ambayo kwa miaka nilikuwa naona aibu kumuuliza nesi, nikidhani ataona kwamba sikusoma. Kwa nini jasho. Kwa nini sindano hubadilishwa mahali. Ilinijibu yote kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko changu, bila kuchoka, bila kunitazama viatu.

Sisemi ilikuwa mbaya. Ilinisaidia na bado naitumia. Lakini mtu aliyeacha shule mapema ana ugonjwa mmoja, nami ninao: akisikia lugha safi, anaamini. Mwalimu akiongea vizuri, ni kweli. Mchungaji akiongea vizuri, ni kweli. Na hii iliongea vizuri kuwashinda wote wawili.

Fundi aliipenda siku ya kwanza. Aliiomba, akaivalia miwani, akaanza kuihoji kama alivyowahoji wateja. Alitaka kujua kwa nini redio ya aina fulani inaunguruma. Ikampa sababu saba. Akasoma zote kwa sauti, akasema hizi saba zote ni kweli. Halafu akanirudishia simu. "Imejua redio," alisema. "Hii iliyo mezani haijaiona."

Nilikumbuka maneno hayo kwa friji. Nilikuwa nimenunua friji ndogo iliyotumika, ili insulini ya Mutheu isiwe inakaa zahanati. Simu iliniambia dawa ambayo haijafunguliwa iwekwe kwenye friji, na hilo ni kweli, nesi alisema hivyohivyo. Nikaziweka chupa nyuma kabisa, mahali penye baridi nzuri, ili nisikose. Fundi alipita nyumbani siku ya pili kuona kama nyaya ziko salama. Alifungua mlango wa friji, akaweka mkono nyuma, akaacha mkono pale muda mrefu.

"Fundi mwenzangu, hii friji inajua kwamba ni dawa?"

Nilimwambia friji haijui kitu. Akasema ndio maana anauliza. Akaomba glasi ya maji, akaiweka pale zilipokuwa chupa, akasema tuitazame asubuhi. Asubuhi maji yalikuwa na ngozi ya barafu juu. Kifaa cha kupima baridi ndani ya friji ile kilikuwa kimechoka, kwa hiyo iligandisha bila kujua. Chupa zote zilikuwa zimeganda na kuyeyuka, na kwa macho zilionekana sawa kabisa. Nesi alizitazama kwenye mwanga, akatikisa kichwa, akazimwaga zote. Insulini iliyoganda haifanyi kazi tena. Ningemdunga Mutheu maji, nikaandika kwenye daftari kwamba amedungwa, na kulala nikiwa na amani.

Kwa siku kadhaa baada ya hapo sikuweza kushona mstari ulionyooka. Fundi aliliona hilo. Alikuja na vyungu viwili, kimoja kikubwa kimoja kidogo, akaweka kidogo ndani ya kikubwa, akajaza mchanga katikati na kuulowesha, akafunika kwa kitambaa kibichi. Hewa yetu ni kavu, maji yanapokauka kwenye mchanga yanaondoka na joto. Alitundika kipimajoto kidogo ndani kwa uzi. Nesi alikuja kukisoma mwenyewe, akakubali kwamba chupa iliyofunguliwa, ile inayotumika kwa mwezi, ikae humo, na zilizofungwa zirudi kwenye friji ya zahanati. Kazi yangu ikawa kumwagia mchanga maji mara mbili kwa siku. Watoto wa jirani walidhani nimepanda kitu.

Mambo ya saa yalianzia kanisani.

Kanisa lilipata wageni kutoka ng'ambo, na kamati ikaamua kutumia simu inayosikiliza Kiswahili na kuandika Kiingereza ukutani papo hapo. Jumamosi mchungaji alihubiri, maandishi yakatembea ukutani, wageni wakatikisa vichwa, sote tukajivuna. Mwishoni mchungaji akatangaza kwamba kesho ibada itaanza saa tatu asubuhi, na baada yake tutakula pamoja na wageni. Jumapili tukajaa. Saa tatu ikapita, saa nne, saa sita. Wali ukapoa, kuku wakakauka. Tuliimba nyimbo zote tunazozijua. Wageni walifika saa tisa alasiri, wamenyoa, wamevaa vizuri, wakishangaa kutukuta tumechoka. Neno asubuhi mchungaji alilimeza kidogo, simu ikasikia saa tatu tu, na ukutani ikaandika tatu yao, ile inayokuja baada ya chakula cha mchana.

Watu walicheka mwezi mzima. Mimi nilicheka nao. Nilidhani ni ubaya wa Kiingereza, kwamba ukibaki kwenye Kiswahili chako uko salama. Fundi peke yake hakucheka. Kuanzia Jumatatu ile, mteja akitaja saa, alimuuliza, "Ya jua ama ya simu?" Saa ya jua kwake ilikuwa hii yetu, inayoanza kuhesabu jua likitoka. Saa ya simu ni ile inayoandikwa kwenye kioo. Mtu akisema nitapitia saa nne, Fundi: ya jua ama ya simu? Wazee walimwona amechanganyikiwa. Mwenye hoteli wa pale jirani alimtania akimletea chai: "Fundi, hii ni chai ya jua ama ya simu?" Fundi alionja, akasema ni ya jana.

Nilichoka nalo swali hilo. Nalikumbuka vizuri jinsi nilivyochoka.

Ilikuwa likizo, Mutheu yuko nyumbani, akiwa na miaka kumi na sita. Asubuhi alichelewa kuamka, akajidunga saa mbili badala ya saa moja. Mchana alikuja barazani akalala kwenye benchi langu, kichwa kinamuuma, ana kiu, anaenda choo kila mara. Nilimpima. Sukari ilikuwa juu, juu kuliko nilivyozoea kuiona. Nilipiga simu zahanati, haikushikwa. Ilikuwa saa nane mchana, lile joto ambalo hata nzi wanakaa. Nikatoa simu na kuandika, naikumbuka sentensi yangu neno kwa neno: Mdogo wangu ana kisukari, alidungwa insulini saa mbili, sasa sukari iko juu, naweza kumdunga tena?

Ilinijibu kwa upole mwingi. Ilieleza maana ya sukari kupanda. Kisha ikasema kwa kuwa muda mrefu umepita tangu sindano ya mwisho, dawa hiyo inaelekea kwisha nguvu mwilini, na kwa kawaida dozi inayofuata inaweza kutolewa. Chini kulikuwa na mstari wa kuniambia nimwone daktari. Mstari huo uko kila mara, na mtu anayeuona kila mara anaacha kuusoma. Nilisoma nilipopataka nikaishia hapo.

Nilikuwa nimeshavuta dawa kwenye sindano. Mutheu ameshapandisha blauzi, ameshika ngozi ya tumbo kwa vidole viwili. Fundi alikuwa na redio sikioni.

"Si amedungwa leo?" aliuliza bila kugeuka.

Nikamwambia simu imesema muda umepita. Akaishusha redio.

"Uliiambia alidungwa saa ngapi?"

"Saa mbili."

"Saa mbili ipi?"

Nilimjibu vibaya. Nilimwambia, "Fundi, si leo. Tafadhali, si leo na hayo mambo yako."

Alisimama, jambo ambalo hakulifanya kwa mteja yeyote, akaja upande wangu wa mlango. Hakushika sindano. Alishika simu, akaiweka mbele yangu. "Iulize yenyewe," alisema. "Iulize saa mbili uliyoiambia ni saa ngapi."

Nikaandika kwa kidole kimoja, sindano mkono wa pili. Ikajibu papo hapo. Ilikuwa imeelewa saa mbili za usiku wa manane, ile inayoandikwa mbili na sifuri mbili. Kwake Mutheu alikuwa amedungwa nusu siku nzima iliyopita. Kwa kweli zilikuwa zimepita saa sita tu, na ile ya asubuhi bado ilikuwa mwilini ikifanya kazi. Ikaniomba radhi kwa mkanganyiko huo, kwa Kiswahili safi.

Niliiweka sindano juu ya cherehani. Mutheu alishusha blauzi na kuuliza kama amedungwa ama hajadungwa. Fundi alirudi kwenye kiti chake, akainua redio, akaiweka sikioni, lakini niliona haikuwa imewashwa.

Nesi alipopatikana alisema anywe maji mengi, apimwe kila baada ya muda, na asidungwe mpaka jioni. Sukari ilishuka yenyewe. Nilipomweleza nilichokaribia kufanya, alisema dozi mbili zingekutana jioni ile, na mtoto angeanguka kabla sijajua ni nini. Alisema angeanguka akiwa amelala.

Sikumshukuru Fundi kwa maneno. Nilimshonea shati. Alilipokea, akageuza kola, akauliza kama nimeweka kitambaa kigumu ndani au nimeiga tu umbo. Nikasema nimeweka. Akasema, sasa la pili: nimekikata upande gani wa uzi? Nikajua tumepatana.

Kuna jambo moja alilolijua yeye na hakumwambia mtu. Tangu nimjue, alisikia cherehani yangu kuliko nilivyoisikia mimi. Nikishona aliita kutoka ndani: sindano imepinda. Ama: uzi wa chini unaisha. Hakuwahi kukosea. Kisha ukaja mwaka ambao sindano ilipinda na hakusema kitu. Nikadhani amechoka nami. Ikapinda tena. Nikaacha makusudi uzi wa chini uishe, cherehani ikapiga kelele ya ukavu ile anayoichukia, na yeye akaendelea kuyeyusha risasi ya kuunganishia nyaya kwa utulivu. Mtu aliyetaka kila mteja aseme ilianza lini, masikio yake yalikuwa yanazima na hakumwambia yeyote ilianza lini. Hospitali hakwenda. Alianza kuweka ncha ya bisibisi kwenye redio na kishikio chake kwenye mfupa nyuma ya sikio, watu wakadhani ni ufundi mpya.

Binti yake alikuja kumchukua na kumpeleka Kibwezi, anakolima mboga za kumwagilia karibu na mto. Siku ya kufunga duka Fundi alirudisha kila kitu kwa mwenyewe, kilichopona na kisichopona, na utepe wake. Niliomba ule mtupu wa kwenye msumari. Alisema huo si wangu, nitafute wangu.

Mwaka huu Mutheu amepata nafasi chuoni, katika mji wa Wote. Mwezi mzima kabla ya hapo sikuongea mengine. Nilimwonyesha vyungu, akasema hosteli ina friji. Nikamwambia aweke glasi ya maji kwanza. Nikamwandikia saa ukutani, kwenye daftari, ndani ya kifuniko cha kibweta chake cha dawa. Alinivumilia mpaka siku moja aliniambia, "Dada, mimi ndiye mwenye ugonjwa. Wewe una hofu tu." Alisema kwa upole. Nimelifikiria sana neno hilo.

Nilimfikisha, nikamtandikia kitanda kama mtoto, nikaondoka. Lakini sikuweza kurudi Matinyani kwenye nyumba tupu. Nikateremka Kibwezi.

Fundi amepungua. Shati nililomshonea linamning'inia mabegani. Sikio la kulia limekufa kabisa, la kushoto linasikia ukilisogelea. Binti yake amempa simu inayosikiliza watu na kuandika wanachosema ili asome. Nilimsalimu kwa Kikamba, "Wi museo?", yaani u mzima. Akainua simu nisome ilichoandika: Wimbo wa Musa. Akacheka mpaka akakohoa. Alisema Kiswahili inajaribu, Kikamba inabahatisha, na binti yake akigombana na wauza mbegu kwa lugha zote mbili inaandika mambo ambayo angeyaweka kwenye rafu. Alikuwa ameyaweka kweli. Ukuta wa chumba chake una vipande vya utepe. Kimoja kimeandikwa: Baba kunywa kaburi. Binti alikuwa amesema kahawa.

Nililala pale. Asubuhi tulikaa uani kwenye viti vya plastiki, muthokoi ya jana, mahindi yaliyokobolewa na maharage, imepashwa moto, na simu yangu iko mapajani mwangu kama kifaranga. Saa mbili kasorobo, ya jua, nilimpigia Mutheu.

"Umejidunga?"

"Nimejidunga."

"Saa ngapi?"

"Saa moja kamili. Ya jua, kabla hujauliza."

Nilicheka, nikamwambia siku njema, nikakata. Nilihisi mabega yakishuka kwa mara ya kwanza baada ya wiki. Fundi alikuwa akiutazama mdomo wangu.

"Amejibu?"

Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo.

"Haraka?"

Ndiyo, haraka. Aliendelea kunitazama, kijiko hewani, kwa uso uleule aliomtazamia mama wa nyanya. Nikaichukua simu nikapiga tena.

"Umekula nini?"

Hapo hakujibu haraka. Nilisikia watu nyuma yake, vyombo, mtu akiita jina. Kisha akasema gesi ya jikoni imeisha, wameenda kuleta nyingine, kuna foleni, chai inakuja tu, asiwe na wasiwasi. Aliniambia mimi "asiwe", badala ya "usiwe". Mutheu hakosei maneno. Nikamuuliza anahisije. Akasema mikono inacheza kidogo. Dawa bila chakula ni dawa iliyozidi, na sukari ilikuwa inashuka.

"Kwenye begi, mfuko wa pembeni," nilimwambia. "Kuna glukosi na biskuti. Weka glukosi mdomoni sasa hivi, kisha biskuti. Na usikate simu."

Nilisikia zipu. Nilisikia karatasi. Baadaye sikusikia kitu, ila watu wa jikoni, na damu yangu mwenyewe ikigonga sikioni mpaka sikujua ni upande gani wa simu. Nikamwita. Hakujibu. Fundi alinyoosha mkono.

Nilimpa. Aliiweka kwenye sikio la kushoto, akalifunika kwa kiganja, akafumba macho, kama alivyofanya barazani kwa redio zisizosikika. Alikaa hivyo muda mrefu. Kuku walipita miguuni mwetu.

"Anatafuna," alisema.

Nikapumua.

"Ni kitu kikavu. Biskuti." Akasikiliza tena. "Sasa amefungua nyingine."

Nilimtazama yule mzee, sikio moja limekufa na jingine nusu, macho yamefumbwa, uso mtulivu kabisa. Uso huo niliuona mara moja tu huko nyuma, bibi alipopewa redio ya mumewe na kuambiwa ilikuwa vumbi tu. Nikachukua simu kutoka mkononi mwake. Hakukataa. Alifumbua macho akanitazama, na nadhani alitabasamu.

"Mutheu," nilisema, "umekula ngapi?"